Chini ya Ubeti, kwa Herufi Ndogo

Nashona vitabu vya nyimbo. Ndiyo kazi iliyonibakia
tangu shule waniage kwa saa ya ukutani na jogoo mmoja.
Sindano ya magunia, uzi uliopakwa nta,
gundi ya unga wa ngano ikitokota kwenye kopo,
na dirishani mlima Rungwe umejifunika ukungu
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.

Cha leo kimetoka Masebe.
Panya wamekula Majilio yote, wakaacha Mateso.
Wimbo wa mia na sita ni mzima,
na chini ya ubeti wa mwisho, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
jina la mtu wa ng'ambo na mwaka: 1738.

Namwazia. Fundi viatu, labda,
aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya sala,
karatasi gotini, mshumaa unanuka mafuta ya ng'ombe,
anamwandikia Mwokozi
kama kijana wa migodini anavyoandika nyumbani:
sijambo, nina deni, nitumie neno.
Walipenda kuimba majeraha, watu wale.
Waliyahesabu moja moja, kwa upole,
kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka.

Lakini maneno ninayoyashona si yake.
Ni ya bibi yangu, Tusekile,
msichana wa kuteka maji kwa mchungaji mgeni,
aliyeitwa barazani siku moja, ndoo ingali kichwani,
aseme theluji kwa lugha yetu ni nini.
"Ikoje?"
"Nyeupe. Baridi. Inashuka kimya."
"Ukungu."
"Hapana, hii hulala chini."
"Basi ni ile sakitu ya Kitulo, inayoua viazi."
Mchungaji akaweka kalamu.
Atawaambiaje watu kwamba wataoshwa
wawe weupe kama kitu kinachoua viazi?
"Andika maziwa," bibi akasema. "Ya jioni,
kabla mtu hajatia kidole."
Akaandika maziwa.
Kutoka Kinyakyusa wimbo ukaja Kiswahili,
na maziwa yakavuka bila kumwagika.

Ikabaki shida ya sauti.
Tuni yao huukanyaga mwisho wa mstari kwa kisigino;
lugha zetu hukanyaga hatua moja kabla, kisha huachia.
Tangu hapo tunaimba
maziWA, msalaBA, rohO yanGU,
kama mtu aliyerithi viatu vya marehemu mrefu
akaona haya kuvikataa.

Bibi hakuona haya.
Silabi ya mwisho aliitua taratibu, mapema,
kama atuaye mtungi,
na benchi zima la kushoto likatua naye.
Tarumbeta zikabaki juu peke yake,
zikitafuta pa kushukia.
Wazee wa kanisa walimwita mara mbili.
Mara ya pili alikwenda na mtoto mgongoni
akawaimbia ubeti wote, kwa namna yake,
wakamwambia aende tu.

Sasa amelala na wenzake, jiwe bapa juu ya jiwe bapa,
hakuna aliyemzidi mwenzake kimo.
Jina, miaka miwili, namba.
Alfajiri ya Pasaka tulisimama pale na taa,
umande hadi magotini,
tukaimba mia na sita.

Leo Andambike, mpiga tarumbeta, kaja kuchukua kitabu.
Kijana msafi, ana diploma ya muziki ya Iringa.
Anapekua, ananusa gundi, hapati kosa.
Kisha anasema: "Mwalimu, wale wasichana wa kushoto.
Pasaka nzima wanamaliza kabla yetu.
Hakuna hata mmoja anayejua noti.
Nani kawafundisha kukosea pamoja namna ile?"

Nilikuwa na uzi mdomoni.